Ndevu, kucha na kininja: maabara inatazama nini mwilini mwako?

Mwezi huu barua zilizotufikia zimezunguka jambo moja: sura na mavazi yana uzito gani kwa mtu anayetaka kuishi kwa sayansi? Tumechagua sita. Majina ya waandishi tumeyahifadhi.

*Ninasoma kemia, mwaka wa pili. Nasuka rasta ndefu, napaka wanja na kucha nabandika. Mkufunzi mmoja aliniambia mbele ya darasa, "Wewe hufanani na mkemia, unafanana na mtangazaji wa tivii." Wenzangu wakacheka. Nielezeni ukweli: sura yangu inaweza kuniharibia kazi?* (Binti wa Morogoro)

Mdogo wetu, katika kauli ya mkufunzi wako mchele umechanganyika na chuya. Tupepete.

Chuya ni hilo neno "hufanani". Mwaka 1983 David Chambers alitoa matokeo ya zoezi la kuwaambia watoto wachore mwanasayansi. Watoto walikuwa 4,807, na kilichojaa kwenye karatasi zao ni mwanamume mwenye koti jeupe, miwani na ndevu. Michoro ya wanawake ilikuwa 28 tu, yote imechorwa na wasichana. Mkufunzi wako anabeba mchoro huohuo kichwani. Na hayuko peke yake: mwaka 2016 watafiti wa Marekani waliwaonyesha watu picha za wanasayansi wa kweli bila kuwaambia ni nani. Kadiri mwanamke alivyoonekana wa kike zaidi, ndivyo watu walivyokataa kuamini kwamba ni mwanasayansi. Kwa wanaume sura haikubadilisha kitu. Mwaka uliofuata watafiti wa Uingereza wakaongeza kioja: watu walipenda zaidi kusikia habari za utafiti wa mtu mwenye sura ya kuvutia, lakini walipoulizwa nani anafanya sayansi nzuri, wakawaelekea wale wasiovutia sana. Yaani uzuri unakuletea wasikilizaji, halafu wasikilizaji haohao wanakutilia shaka.

Kwa hiyo upendeleo upo na umepimwa. Ila angalia ulipo: kwa mtu aliyeona picha yako na bado hajaona kazi yako. Pale ambapo sura na jina vinafichwa, hali hubadilika. Tangu 2018 maombi ya kutumia darubini ya anga ya Hubble husomwa bila majina, na katika duru hiyo ya kwanza wanawake waliwapita wanaume kwa kiwango cha kukubaliwa, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea katika miaka mingi ya nyuma. Wewe ukiandika ripoti yenye namba safi, msahihishaji hatajua kama una wanja.

Sasa mchele. Maabara yenyewe haijali uzuri, inajali kinachowaka, kinachonasa na kinachochafua sampuli. Tuanze na rasta. Nywele nyingi za bandia ni plastiki, ndiyo maana msusi huziba ncha kwa maji ya moto au kiberiti. Kikishika moto, kitu hicho huyeyuka na kugandamana na ngozi. Mwali wa jiko la Bunseni, lile la gesi la maabara, ukifunguliwa hewa yote ni wa bluu hafifu, na karibu na dirisha lenye jua hauonekani. Ajali hutokea mwanafunzi anapoinama kusoma kipimo, rasta inateleza kutoka mgongoni kuja mbele. Kuzifunga mkia mmoja hakutoshi, maana mkia nao huteleza. Zizungushe utosini au kisogoni, ufunge kwa kitambaa cha pamba, kisha ncha zote ziingie ndani. Na usipotumia jiko kwa muda, funga tundu la hewa ili mwali uwe wa njano, uonekane.

Mashine zinazozunguka ni hatari kuliko moto. Aprili 2011, katika Chuo Kikuu cha Yale, mwanafunzi aliyekuwa peke yake usiku kwenye karakana ya idara ya kemia alinaswa nywele na mashine ya kukereza, akafa. Mashine ya namna ile haikupi nafasi ya kupiga kelele.

Kucha: asetoni, ambayo utaigusa karibu kila wiki, huyeyusha akriliki ya kubandika. Kucha ndefu hutoboa glavu kwa ndani, pale kwenye ncha ambapo hutazami. Kama unafikiria kuhamia maabara ya hospitali, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2009 unakataza kabisa kucha bandia kwa wanaowahudumia wagonjwa, na za asili zisizidi nusu sentimita. Hapa hatukutetei: zibandue wakati wa muhula, zirudishe likizo.

Wanja na maskara havina kosa kubwa. Huacha utando wa mafuta kwenye lenzi ya jicho ya hadubini, na anayekuja baada yako anaona ukungu. Futa kwa karatasi ya lenzi, usitumie pindo la kanga. Poda ndiyo yenye habari nyingine. Poda nyingi na losheni za kukinga jua zina zinki na titani. Maabara inayopima zinki kwenye udongo au damu kwa kiwango cha sehemu kwa bilioni itaiona poda yako kwenye majibu kabla ya kuiona sampuli. Krimu za kung'arisha ngozi ni mbaya zaidi, kwa kuwa baadhi zina zebaki. Zimepigwa marufuku Tanzania na Kenya lakini bado zinauzwa chini ya meza. Anayepima zebaki kwenye samaki au kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu huku amejipaka krimu hiyo anapima mikono yake mwenyewe.

Jambo dogo ambalo hata wakufunzi hulisahau: mafuta ya nazi na mafuta ya mgando hudhoofisha glavu za lateksi. Jipake baada ya kazi, au tumia glavu za nitrili.

*Assalaam alaykum. Mimi nimo mwaka wa kwanza, navaa baibui na ushungi. Nimeambiwa maabara ya kemia haikubali "nguo za kuburura". Je, nichague baina ya dini yangu na sayansi?* (Msomaji, Unguja)

Waalaykum salaam, mwanetu. Hakuna cha kuchagua. Tatizo la kitambaa lina majibu ya kitambaa.

Anza kwa kujua umevaa nini. Shifoni na krepu za madukani mara nyingi ni polista. Chomoa uzi mmoja mrefu, ushike kwa kibano, uko nje na mbali na nguo zako, uuwashe juu ya sinia la bati. Pamba huwaka kwa harufu ya karatasi na kubakiza jivu laini linalovunjika. Polista hujikunja, huyeyuka, na kuacha shanga nyeusi ngumu. Shanga hiyo ndiyo ambayo hutaki iwe shingoni mwako.

Ndani ya maabara vaa kininja cha pamba cha kuvuta kichwani, kisicho na ncha zinazoning'inia, na mabega yake yaingie ndani ya koti. Pini za ushungi ziache nyumbani, kwani huanguka mezani na kutoboa glavu. Zile za sumaku ndizo mbaya zaidi: mashine ya NMR, inayochunguza muundo wa molekuli, ina sumaku kali kiasi cha kuirusha pini kama risasi, na mzani wa maabara nao hutoa namba za uongo mbele ya sumaku.

Baibui la polista hujaa umeme tuli ukitembea. Ukikaa mbele ya mzani wa tarakimu nne za desimali, namba zitahama zenyewe na utadhani mzani ni mbovu. Mikono mipana hukumba chupa, na pindo linalogusa sakafu hunyonya kilichomwagika na kukuletea mguuni. Vaa gauni la pamba linaloishia juu kidogo ya kifundo cha mguu, lenye mikono ya lastiki, na koti juu yake limefungwa lote. Kingo za glavu zipande juu ya mikono ya koti.

Halafu kuna lile ambalo wengi huona haya kulisema. Kemikali ikikumwagikia, unatakiwa uvue nguo zilizolowa na usimame chini ya bomba la dharura kwa dakika 15. Usisubiri siku hiyo ndipo uanze kufikiri. Muulize fundi wa maabara mapema kama kuna pazia kwenye bomba, na kama halipo, omba liwekwe. Waya na shuka nene vinatosha. Mwombe mwenzako wa kike ajue kwamba ndiye atakayesimama nawe. Weka kininja na gauni la akiba kwenye mfuko unaofungwa, nje ya maabara.

Na usimwonee kinyongo anayekukumbusha kuhusu nguo. Desemba 2008, katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, mtafiti msaidizi kijana alikuwa akivuta kwa sindano kemikali inayowaka yenyewe ikikutana na hewa. Bomba la sindano likaachana, moto ukapanda kwenye sweta yake ya nyuzi za plastiki. Hakuwa amevaa koti la maabara. Alifariki siku 18 baadaye. Sweta ile haikuwa na uhusiano wowote na dini wala urembo, ilikuwa nguo ya kawaida ya siku ya baridi.

*Nina dredi na ndevu za kutosha. Nimeitwa usaili wa kazi kwenye maabara ya kifua kikuu. Jamaa zangu wanasema ninyoe vyote la sivyo nisahau kazi.* (Kijana wa Kisumu)

Ndugu yetu, dredi ni suala la kofia. Ndevu ni suala la fizikia.

Chembe zinazobeba vimelea vya kifua kikuu hewani zina upana wa mikromita 1 hadi 5. Unywele mmoja wa ndevu ni mnene mara nyingi kuliko hizo. Ukipita chini ya ukingo wa barakoa ya N95, unafungua mfereji ambao chembe hizo hupita kwa safu. Hewa hufuata njia rahisi, na njia rahisi ni pembeni mwa chujio. Ndiyo maana maabara makini humpima kila mfanyakazi: unavaa barakoa, unafunikwa kofia ya plastiki, unapuliziwa dawa tamu au chungu, huku ukipumua kwa nguvu, ukigeuza shingo, ukiinama na kusoma maneno kwa sauti. Ukionja ladha, inavuja. Hata vinyweleo vya siku mbili huweza kuvujisha.

Sharubu fupi zinazobaki ndani ya barakoa hazina neno. Kinachotakiwa ni ukanda ule unaoguswa na ukingo: mashavu, taya na chini ya kidevu. Kama ndevu ni za imani, uliza kama wana kofia yenye feni inayosukuma hewa iliyochujwa. Hiyo haihitaji kubana uso. Ni ghali, na betri yake lazima ichajiwe, kwa hiyo usishangae wakisema haipo. Lakini uliza kabla ya kunyoa.

Dredi zifunge juu, uombe kofia kubwa ya kutupa, isiwe ile inayobana ikavuka masikio kwa shida. Anayekukataa kwa dredi peke yake ametoa sababu ya ladha yake, haina usalama ndani yake. Siku ya usaili zifunge nyuma, uvae shati lililopigwa pasi, na ukiulizwa kuhusu ndevu, jibu kwa kutaja kipimo cha barakoa. Jibu hilo litakusaidia kuliko tai.

*Naanza kazi ya kukusanya takwimu na sampuli za damu vijijini, malaria na ndorobo. Nivae nini ili niheshimike?* (Mhitimu, Tabora)

Kwanza kabisa, koti jeupe liache kituoni. Uvumi wa mumiani haujafa, na mtu mgeni mwenye koti jeupe, sindano na kisanduku cha barafu anaingia moja kwa moja kwenye hadithi ambayo bibi wa nyumba ile alisimuliwa utotoni. Vaa nguo za kawaida, kitambulisho shingoni chenye picha, na kibali cha utafiti mkononi: cha COSTECH kwa Tanzania, cha NACOSTI kwa Kenya. Pita kwa mwenyekiti wa kijiji kabla ya kupiga hodi nyumba ya kwanza. Dada, kanga moja kwenye begi, uifunge juu ya suruali ukikaribishwa ndani, itakufungulia milango kuliko barua yenye muhuri. Kaka, vua kofia na miwani ya jua unapoamkia wazee.

Sasa rangi. Mitego ya ndorobo hushonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi kwa sababu hizo ndizo rangi zinazowavuta. Ukivaa jinsi ya bluu na fulana nyeusi Serengeti au Tarangire, umejigeuza mtego unaotembea. Kaki au kijani cha mzeituni ndiyo salama, na kitambaa kiwe kizito, maana ndorobo hudunga kupitia shati jepesi. Madoadoa ya jeshi usiyaguse: Tanzania na Kenya ni kosa raia kuyavaa, na utamaliza siku yako kituoni ukieleza utafiti wako kwa askari.

Manukato nayo ni kosa la kisayansi. Mbu hutafuta watu kwa hewa wanayopumua na kwa harufu ya ngozi. Anayeingia chumba cha kufugia mbu amejipulizia uturi, au amejipaka dawa ya kufukuza mbu, ameongeza kitu kwenye jaribio ambacho hakitaandikwa kwenye daftari. Oga kwa sabuni isiyo na harufu, na ukubaliane na wenzako wote wafanye hivyo, kwani mmoja anatosha kuvuruga usiku mzima wa kazi.

*Nina usaili wa udhamini kwa njia ya video, chuo kiko Ujerumani, na maombi mengine nimepeleka Marekani. Niweke picha kwenye wasifu? Na nitokeeje kwenye kamera?* (Msomaji, Bujumbura)

Picha: Marekani na Uingereza usiweke, wala umri, ndoa au dini. Waajiri wengi huko hawataki kuviona kwa kuogopa kesi za ubaguzi. Ujerumani picha imezoeleka lakini si lazima. Ukiweka, iwe ya mabega na uso, mandhari tulivu. Picha ya viza ni jambo jingine: Marekani inataka milimita 51 kwa 51 bila miwani, nchi za Schengen 35 kwa 45. Ushungi unakubalika ilimradi uso uonekane wote.

Kamera: kosa la kawaida ni kukaa mbele ya ukuta mweupe. Kamera ya simu au kompyuta hupima wastani wa mwanga kwenye fremu nzima. Ikiona nyeupe nyingi, hupunguza mwanga, na uso mweusi unageuka kivuli chenye meno. Kaa mkabala na dirisha, dirisha lisiwe mgongoni. Nyuma yako weka pazia la kahawia au kijani kilichokolea, na usivae shati jeupe pe. Kamera iwe usawa wa macho, hata ikibidi kompyuta ipande juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mistari membamba ya shati hucheza kwenye skrini kama maji, kwa hiyo chagua rangi moja. Kitenge ni sawa kabisa kama maua yake ni makubwa.

Je, wanapima uzuri? Kwa kiasi, ndiyo, na utafiti haufichi. Mwaka 2005 Daniel Hamermesh na mwenzake walichunguza walimu 94 wa Chuo Kikuu cha Texas na kukuta wenye sura za kuvutia walipewa alama za juu na wanafunzi wao. Mhandisi wa NASA Bobak Ferdowsi alipata umaarufu wa usiku mmoja Agosti 2012 kwa mtindo wake wa nywele, wakati roboti ya Curiosity ikitua Mars. Miaka miwili baadaye Matt Taylor wa mradi wa Rosetta alitokea kwenye runinga na shati lenye picha za wanawake waliovaa nusu uchi, siku chombo kilipotua kwenye nyotamkia. Ndani ya siku mbili alikuwa akiomba radhi huku analia, na watu waliokumbuka shati walikuwa wengi kuliko waliokumbuka nyotamkia. Nguo ya siku ya kuonekana isiwe na maneno wala picha. Ukiweza kuisahau umeivaa, wao nao wataisahau.

*Mwanangu amechaguliwa kusoma sayansi ya maabara. Nina fedha kidogo. Nimnunulie suti ya kuwakilishia miradi?* (Mama wa Tanga)

Mama, shikamoo. Suti isubiri, anaweza kuazima kwa mjomba. Nunua koti la maabara la pamba tupu, au mchanganyiko ambao pamba imezidi, lifike magotini, lenye vifungo vya kubofya ambavyo huachia vyote ukivuta kwa nguvu. Vifungo vya kushona vinachelewesha mtu anayeungua. Yawe mawili, moja likifuliwa jingine livaliwe, na lisifuliwe pamoja na nguo za nyumbani. Kisha viatu vya ngozi vilivyofunikwa, maana raba za turubai hunyonya asidi, na yeboyebo zina matundu juu. Miwani ya kinga iwe na mbavu za pembeni, na kama anavaa miwani ya macho, ile ya kinga ipande juu yake.

Na amwandikie jina lake ndani ya kola kwa wino usiofutika. Makoti ya maabara hayana miguu, lakini hutembea.